Ukengeushi au ukitu: dhana ipi ikufae ukiandika juu ya kazi Unguja na Pemba

Mwanafunzi wa chuo kikuu pale Tunguu akitaka kuandika tasnifu juu ya wakulima wa mwani wa Paje, wachumaji wa karafuu wa Wete au vijana wanaopokea wageni Nungwi, hachukui muda kabla ya kukutana na dhana mbili za falsafa ya jamii ambazo watu huzitumia kana kwamba ni moja. Ya kwanza ni ukengeushi, yaani hali ya mtu kuwa mgeni mbele ya kazi yake, mbele ya wenzake na mbele ya nafsi yake. Ya pili nitaiita ukitu: hali ya mahusiano baina ya watu kuonekana ni vitu, vyenye nguvu na sheria zake vyenyewe, visivyo na mkono wa mtu ndani yake. Zimetoka katika ukoo mmoja lakini hazifanyi kazi moja. Ukichagua isiyofaa utawasemea watu wa visiwa hivi maneno wasiyoyatambua, na hilo kwangu ni zito kuliko alama utakazokatwa na msimamizi.

Msimamo wangu nauweka mapema. Ushike ukengeushi pale ambapo mtu mwenyewe, akiulizwa kwa utulivu, anaweza kukueleza kuna kitu kimemtoka mikononi. Ushike ukitu pale ambapo hakuna anayelalamika, kwa sababu jambo lililoamuliwa na watu limeshaonekana ni la maumbile. Yanayofuata ni sababu zangu, pamoja na mahali ambapo nadhani dhana zote mbili hazifai.

Zilikotoka

Karl Marx alikuwa Paris mwaka 1844, kijana wa miaka 26, alipoandika daftari zilizokuja kuitwa hati za kiuchumi na kifalsafa. Dhana ya ukengeushi aliikuta kwa wanafalsafa wa Kijerumani waliomtangulia, Hegel na Feuerbach. Feuerbach aliielekeza kwenye dini, na msomaji wa kwetu hana haja ya kukubaliana naye hata kidogo ili aelewe alichokifanya Marx, maana Marx aliitoa huko akaipeleka kazini. Alisema mfanyakazi wa ujira hutengwa kwa namna nne: na kile anachokizalisha, kwa kuwa kinakuwa mali ya mwingine, na tendo lenyewe la kufanya kazi, kwa kuwa halitoki ndani yake, na ubinadamu wake, ule uwezo wa kuunda kwa hiari na kwa fikra, na watu wenzake.

Hati hizo hazikuchapwa Marx akiwa hai. Zilitoka kwa ukamilifu mwaka 1932, na hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita bila kuliona. György Lukács, Mhungaria, alichapisha insha yake ndefu juu ya ukitu mwaka 1923, yaani kabla hati zile hazijasomwa na umma. Hakuijenga juu yake. Alianzia kwenye kitabu cha *Mtaji* cha 1867, pale Marx anapoeleza jinsi bidhaa inavyoficha mahusiano ya watu walioitengeneza hata thamani yake ikaonekana imezaliwa nayo. Akaongeza aliyojifunza kwa wanasosholojia wa Kijerumani, kwa Georg Simmel juu ya fedha na kwa Max Weber juu ya jamii inayohesabu kila kitu. Matokeo yake ni dhana pana: kiwanda, ofisi, mahakama, gazeti, hata fikra za wanafalsafa, vyote vinatazama dunia kama mkusanyiko wa vitu vinavyokwenda vyenyewe, na binadamu anabaki mtazamaji wa maisha yake mwenyewe.

Kwa hiyo milango yake ni miwili. Ukengeushi unaanza na mtu, unauliza amenyang'anywa nini. Ukitu unaanza na bidhaa, unauliza imeficha nini. Kwa wa kwanza, ushahidi wako ni maumivu yanayoweza kusemwa. Kwa wa pili, ushahidi wako ni ukimya.

Pwani ya mwani

Tuanze na mwani, kwa sababu ndipo ukengeushi unapojaribiwa hasa.

Kilimo cha mwani kilishika kasi pwani ya mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, kikaenea hadi Pemba, na wengi mno wa wakulima wake ni wanawake. Kazi hufuata bamvua. Maji yakipwa sana wanawake hushuka na kamba, wakapigilia vigingi mchangani, wakafunga vipande vya mwani kimoja kimoja, wakarudi kuangalia, na baada ya kama wiki sita wakavuna. Mwani hubebwa kichwani hadi juu, huanikwa, hutiwa magunia, huuzwa. Unakwenda nje ya nchi ukiwa mkavu. Huko husindikwa kupata karaginani, inayotumika kuzitia uzito na kuzishikisha aiskrimu, dawa za meno, vipodozi na bidhaa nyingine nyingi.

Chukua namna nne za Marx ushuke nazo majini. Ya kwanza inakaa bila shida: mwanamke analima kitu ambacho desturi ya jikoni kwake haikipiki, na kinachorudi dukani kikiwa ndani ya dawa ya meno hakina alama hata moja ya mkono wake. Mara nyingi hata kamba ametoa mnunuzi, na anayetoa kamba ndiye anayeuziwa. Kama ungeishia hapo ungeandika sura nzuri ya tasnifu.

Usiishie hapo. Namna ya pili, kutengwa na tendo la kazi, haikai vizuri. Hakuna msimamizi anayemsimamia mgongoni. Bahari ndiyo inayopanga saa, na bahari haimwajiri mtu. Mama huyu anashuka na dada yake, na wifi yake, na jirani. Wanazungumza, wanatafutiana kamba iliyochukuliwa na mawimbi, anayeumwa analimiwa na mwenzake. Ya nne nayo inayumba kwa sababu hiyo hiyo. Kisha lipo jambo kubwa kuliko yote: fedha ya mwani ilikuwa fedha ya mwanamke mwenyewe. Katika vijiji ambavyo samaki ni wa mume, mwani ulimpa mke shilingi ambazo hakumwomba mtu. Zilinunua sare za skuli na vyombo vya ndani, na wapo waliosimamisha nyumba. Mtafiti atakayekuja na daftari ya 1844 mkononi amwambie mama huyo kuwa ametengwa na ubinadamu wake, atakuwa amemvunjia heshima, na kwa kweli atakuwa hajamsikia.

Hapa ndipo ninapomshauri mtu asome Rahel Jaeggi, mwanafalsafa anayeandika kwa Kijerumani, aliyeifufua dhana hii mwaka 2005. Shida ya zamani ilikuwa hii: ukisema mtu ametengwa na asili yake, ni lazima uwe unaijua asili hiyo, na nani kakupa wewe ujuzi huo? Louis Althusser, mwanafalsafa wa Kifaransa, aliwashambulia wafuasi wa Marx kijana kwa hoja inayokaribiana na hiyo katika miaka ya 1960. Jaeggi anaikwepa kwa ustadi. Kwake ukengeushi ni uhusiano uliokosa uhusiano: uko na kazi yako, na kijiji chako, na maisha yako, lakini huwezi kuyashika yakawa yako, kuyageuza, kuyapa maana, kuyajibia. Haulizwi mtu ni nani kwa asili. Anaulizwa anaweza kufanya nini na alichonacho.

Kwa swali hilo mwani unafunguka. Paje na Kidoti wapo wanawake wanaousaga mwani wakautengenezea sabuni kwa mafuta ya nazi na viungo vya hapa. Pengine kipato chao bado ni kidogo, na soko lao kubwa ni mgeni anayepita. Lakini kitu kimebadilika ambacho mizani haikionyeshi. Mwani sasa una matumizi wanayoyajua, wao ndio wanaopanga harufu na bei, wanajua kwa nini kipande hiki kimeganda vizuri na kile hakikuganda. Ukengeushi, ukiushika kwa njia ya Jaeggi, unakupa maneno ya kulieleza badiliko hilo. Ukitu haukupi. Ukimwuliza Lukács, atakwambia wanawake hao wamesogea tu kutoka pembe moja ya soko kwenda pembe nyingine, na kwa hilo nadhani angekuwa na macho ya mbali mno.

Upande mmoja tu wa mwani nauachia ukitu, nao ni bei ya kilo. Kuna mwani unaoitwa kotonii, wenye bei nzuri zaidi, na kuna spinosamu, wenye bei ya chini. Kotonii hauvumilii maji yakipata joto, unaoza na kukatika, na bahari ya kina kifupi inazidi kupata joto. Mwanamke anayebaki na spinosamu anaambiwa ndiyo bei yake. Indonesia na Ufilipino zinazalisha kiasi kikubwa mno, wanunuzi wakubwa ni wachache, viwanda viko mbali. Hakuna sura ya mtu wa kumlalamikia, na ukimhoji yeye peke yake hutapata jibu, kwa sababu jibu haliko pwani kwake.

Karafuu, ambapo ukitu unastahili

Kituo chochote cha kununulia karafuu Pemba, msimu ukifika, unaweza kusikia mazungumzo ya namna hii.

"Shikamoo mzee. Za karafuu?"

"Marahaba mwanangu. Karafuu zipo, bei ndiyo imeshuka."

"Imeshushwa na nani?"

"Haikushushwa na mtu. Imeshuka tu."

Mzee huyo si mjinga, na wala hana unyonge wa nafsi. Anajua kuchuma, kuchambua makonyo, kuanika juvini mpaka karafuu ikavunjika kwa mlio unaotakiwa. Anajua mkarafuu upi utazaa mwakani. Ukimwuliza kama kazi yake ni ngeni kwake atakushangaa. Ukengeushi hauna pa kumshika. Kinachotakiwa kuelezwa ni namna bei, ambayo ni uamuzi wa watu juu ya watu, ilivyopata tabia ya mvua.

Na kwa karafuu tunayo bahati ya historia, maana mikono iliyopanga bei imeandikwa. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba, hapo kweli maumbile yalisema. Baada ya hapo waliosema ni watu. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilikipa chama cha wakulima wa karafuu mamlaka juu ya biashara ya kuiuza nje. Wafanyabiashara wa Kihindi wakasusia, mgomo ukaungwa mkono hadi India kwenyewe, na 1938 pakafikiwa maridhiano. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mnunuzi akawa mmoja, serikali kupitia shirika lake la biashara, na katika miaka ambayo karafuu ilikuwa ghali duniani mkulima alilipwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo; nyingine ikaendeshea nchi. Katika miaka ya 2010 ikatangazwa sera ya kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya kuuzia nje. Unaweza kuipenda sera hii na kuichukia ile, lakini hakuna hata moja iliyoshuka kutoka mbinguni. Hata ile inayoitwa bei ya dunia ina wenyewe: Indonesia ndiyo mzalishaji mkubwa na ndiyo mlaji mkubwa, kwa sababu inatia karafuu katika sigara zake za kreteki, na inaponunua au isiponunua Pemba inasikia.

Hapa ninalo la kumwambia Lukács pia. Yeye aliamini kuwa mfanyakazi wa kiwandani ndiye anayeweza kuupasua ukitu, kwa sababu ndiye bidhaa inayojitambua: anauza nguvu zake, na siku moja anagundua kuwa kinachouzwa ni yeye. Pemba haikuwa na viwanda vya kumfanya mtu agundue hivyo. Ilikuwa na magendo. Mtu aliyevuka usiku na magunia ya karafuu kuelekea pwani ya Kenya aliona kwa macho yake pishi ile ile ikiwa na bei mbili, na aliyeona bei mbili hawezi tena kuamini kuwa bei ni tabia ya karafuu. Sisemi hivyo kuisifu magendo. Watu waliumia kwa ajili yake, wengine vibaya. Nasema kwamba mtafiti wa ukitu Zanzibar atazame mipaka na njia za baharini, maana huko ndiko kitu kilichoganda kilikuwa kikiyeyuka.

Mchumaji wa kulipwa ni suala jingine kidogo. Hulipwa kwa pishi. Pishi ya kijana aliyepanda hadi kilele na pishi ya mama aliyechuma matawi ya chini kwa ngoe ni pishi tu. Woga wa tawi kavu hauingii katika kipimo. Kwa mfano huu hasa ndivyo Lukács alivyoieleza kazi inayopimwa, iliyovuliwa mtu wake ikabaki wingi. Ukiandika juu ya wachumaji unaweza kuzitumia dhana zote mbili, ila utangulize ukitu: eleza kwanza kipimo, halafu ndipo umwulize mchumaji kimemfanya nini.

Mkunazini hapana

Kuna mahali ambapo nawasihi watu wasitumie yoyote kati ya hizi mbili kwa haraka, napo ni utumwa.

Inashawishi. Mtu aliyesimamishwa katika soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, akapimwa meno, akatozewa ushuru forodhani kama mzigo: kuna mfano gani mkubwa zaidi wa mtu kugeuzwa kitu? Lakini ukitu wa Lukács ni jambo linalofichika, linalotendeka wakati kila mtu ni huru mbele ya sheria na hakuna anayekusudia. Soko la watumwa, hadi lilipofungwa mwaka 1873, halikuficha chochote. Mtu alifanywa mali kwa nguvu na kwa sheria, hadharani, na kila aliyehusika alijua ni mtu. Sheria ilipoiondoa hadhi ya utumwa mwaka 1897, masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi 1909. Hilo lilikuwa kusudio la waliotunga, halikuwa usahaulifu wa jamii.

Kwa habari hii tumia maneno ya waliolizungumzia jambo lenyewe. Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, aliandika mwaka 1950 kwamba ukoloni ni sawa na kumgeuza mtu kitu, na alikuwa na maana ya ukatili unaoonekana. Martha Nussbaum, mwanafalsafa wa Marekani, mwaka 1995 alichambua njia saba za kumtendea mtu kama kitu, zikiwemo kumfanya chombo, kummiliki, kumwona anaweza kubadilishwa na mwingine, na kutojali anachohisi. Uchambuzi wake unakupa uwezo wa kusema ni lipi hasa lilitendwa, badala ya neno moja kubwa linalolifunika. Na usimsahau mtumwa mwenyewe, ambaye hakukubali hata siku moja kuwa alikuwa kitu. Baada ya 1897 wanawake waliotoka utumwani waliacha kaniki na merikani, mavazi yaliyowatambulisha, wakajifunga kanga. Dhana inayowaeleza watu hao kama waliogeuka vitu inamsikiliza bwana wao na kuwaacha wao.

Hotelini

Arlie Hochschild, mwanasosholojia wa Marekani, mwaka 1983 alichukua swali la ukengeushi la Marx akalipeleka kwa wahudumu wa ndege: kama mfanyakazi wa kiwandani alitengwa na alichokitengeneza, je, anayelipwa kwa tabasamu lake anatengwa na nini? Ukitaka kuandika juu ya vijana wa Nungwi na Kendwa wanaosema "hakuna matata" kutwa nzima, anza hapo. Wanazo habari za kukueleza, na wanajua vizuri tofauti ya karibu inayotolewa nyumbani na karibu inayotolewa mapokezini.

Nyota za mtandaoni ni mambo mengine. Mgeni anaandika nyota tatu kwa sababu mvua ilinyesha. Nambari inaingia kwenye wastani. Wastani unampunguzia mtu zamu, na meneja anauonyesha kama ushahidi. Hapo hakuna aliyekusudia, na hilo ndilo eneo la ukitu. Ni mada nzuri ambayo bado haijaandikwa ipasavyo kwa Kiswahili.

Gharama ya kila moja

Ukengeushi unataka muda wa kukaa na watu. Huwezi kuuandika kutoka maktaba. Wapo wanasosholojia wa Marekani waliojaribu kuurahisisha: Melvin Seeman mwaka 1959 aliugawa katika maana tano, kama vile kukosa nguvu, kukosa maana na kujitenga na nafsi, ili uweze kupimwa kwa dodoso, na Robert Blauner mwaka 1964 akavilinganisha viwanda vya aina nne kwa kipimo kinachofanana na hicho. Kwa mtu mwenye miezi michache na idara inayotaka jedwali, njia hiyo inatembea. Mimi siipendi sana, kwa sababu swali la nani anamiliki kamba linatoweka na kubaki swali la unajisikiaje.

Ukitu unataka nyaraka: bei za miaka, kanuni, mikataba, ramani ya safari ya bidhaa. Hatari yake ni kiburi. Ukishasema jamii nzima haioni, umejiweka wewe juu ya kichuguu peke yako ndiye unayeona. Lukács mwenyewe, katika dibaji ya 1967, alikiri kosa jingine zito: alikuwa amechanganya ukengeushi na kule kutengeneza vitu kwa jumla, kana kwamba kila kinachotoka mkononi mwa mtu kikasimama nje yake ni hasara. Seremala wa Mji Mkongwe anayechonga mlango hajatengwa kwa sababu mlango umesimama nje ya mwili wake. Alianza kulielewa hilo, kwa maelezo yake, alipozisoma hati za 1844 Moscow mwaka 1930, kabla hazijachapwa. Kwa mwanafunzi onyo ni moja kwa moja: usiite kila kitu ukitu.

Axel Honneth, mwanafalsafa wa Kijerumani, alijaribu mwaka 2005 kuifanya dhana hii iwe laini. Kwake ukitu ni kusahau kwamba tulimtambua mwenzetu kama mtu kabla hatujaanza kumjua kama jambo la kuchunguzwa. Ni fikra nzuri kwa anayeandika juu ya hospitali au skuli. Kwa karafuu haifai, maana mnunuzi anaweza kumtambua mzee kwa jina, akamsalimu, akamwulizia wajukuu, na bei ikabaki pale pale.

Utamaduni wa kigeni

Neno la mwisho la tahadhari ni kwa wanaopenda kuutumia ukengeushi kwa kila kitu kilichotoka nje: nguo, muziki, lugha, chakula. Mtu wa Zanzibar anapaswa kuwa wa mwisho kufanya hivyo. Taarabu ilifika katika kasri la Sultan Barghash kutoka Misri, ikiimbwa Kiarabu, na klabu ya Ikhwan Safaa iliundwa mwaka 1905. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika familia yenye asili ya utumwani, aliichukua sauti hiyo ya kasri akaiimba kwa Kiswahili, akasema mambo ya mitaa ya Ng'ambo, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi. Hicho ndicho Jaeggi anachokiita kukifanya kitu kiwe chako, na kinyume chake ndicho ukengeushi. Abiola Irele, mhakiki wa Nigeria, alifika mbali zaidi katika hotuba yake ya uprofesa Ibadan mwaka 1982, akasema Mwafrika anaweza kuukumbatia ugeni huu na kuzaa nao. Simfuati hadi mwisho, kwa sababu hasemi vya kutosha juu ya aliyelazimishwa. Ila kwa sisi tuliolelewa na pepo mbili, kaskazi na kusi, hoja yake ina uzito kuliko ya anayetafuta utamaduni safi usioguswa.

Basi uchague hivi. Unaandika juu ya wakulima wa mwani, wahudumu wa hoteli, walimu waliochoka, vijana wanaosema skuli haiwahusu: ukengeushi, kwa njia ya Jaeggi, na mahojiano marefu kwa Kiswahili cha wao wenyewe. Unaandika juu ya bei ya karafuu, madaraja ya nyota, viwanja vya fukweni vinavyopandishwa thamani na kila mtu kusema soko limeamua: ukitu, kwa Lukács, ukiwa na nyaraka za miaka mingi. Unaandika juu ya utumwa: Césaire, Nussbaum, na sauti za waliopitia.

Na kama bado hujasoma chochote, usianze na vitabu vya kuelezea. Soma kwanza kurasa za hati za 1844 zinazohusu kazi iliyotengwa. Ni chache, utazimaliza jioni moja. Kisha sehemu ya nne ya sura ya kwanza ya *Mtaji*, juu ya siri ya bidhaa. Halafu sehemu ya kwanza tu ya insha ya Lukács, uiweke ya pili na ya tatu kando mpaka umeshatoka Pemba na daftari lako limejaa.